Pinboli ya Zamani Ikigoma: Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Mashine ya pinboli, ule mchezo wa kurusha gololi ya chuma kwenye meza yenye mteremko, iliyotengenezwa kabla ya nusu ya pili ya miaka ya 1970 haina kompyuta ndani. Ukifungua kabati lake unakuta mota, koili (mizingo ya waya inayovuta chuma ikipata umeme), rilei (koili ndogo zinazofunga na kufungua swichi) na mamia ya swichi za vibati, na kila kinachotokea juu ya uwanja, yaani ubao ambao gololi inapita juu yake, kinaamuliwa na vibati hivyo kugusana au kuachana. Ndiyo maana inatengenezeka nyumbani hata kama imekaa stoo miaka mingi. Na ndiyo maana wengi huiharibu zaidi: wanaona msitu wa swichi, wanaanza kuzikunja moja baada ya nyingine wakitumaini kuibahatisha ile yenye kasoro. Mwisho wake wanakuwa na mashine yenye ubovu mmoja wa kiwandani na ubovu kumi wa mikono yao.

Koili huungua mara chache, transfoma mara chache zaidi. Kinachosumbua, karibu kila siku, ni pointi chafu, yaani vile vichwa vya vibati vinavyogusana, au kifaa kinachonata kisirudi mahali pake. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote jiulize: ni koili gani ilipaswa kuvuta sasa hivi na haikuvuta? Ukishaijua, itafute kwenye mchoro wa umeme, kisha rudi nyuma swichi baada ya swichi mpaka ufike pale umeme ulipoishia. Mchoro uwe wa toleo hilohilo la mashine. Na usome maandishi ya pembeni yanayoeleza mashine ilikuwa katika hali gani ilipochorwa, kwa sababu swichi iliyochorwa wazi inaweza kuwa imefungwa mbele yako, na zote mbili zikawa sawa.

Kabla ya kuichomeka

Mashine nyingi za zama hizo zilitoka na waya wa njia mbili, bila ethi. Badilisha, weka wa njia tatu, na ethi iunganishwe na fremu ya transfoma, mlango wa sarafu na vyuma vyote ambavyo mchezaji anavigusa. Hili si la kuahirisha.

Angalia pia transfoma inataka volti ngapi. Nyingi zilitengenezwa Chicago kwa umeme wa Marekani, volti 115 hadi 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Zile zilizokusudiwa kuuzwa nje mara nyingi zina sehemu ya kuunganishia volti 220 au 240. Soma kwenye transfoma yenyewe na kwenye mchoro, si kibandiko cha kabati. Kwenye umeme wa mizunguko 50 mota ya alama, ile inayofunga na kufungua swichi za kuhesabia, itazunguka polepole kuliko ilivyozoea. Huo si ubovu, usiufukuzie.

Usidhani swichi ya kuwashia inakata umeme kila mahali. Katika baadhi ya mashine transfoma inabaki na umeme muda wote plagi ikiwa ukutani. Chomoa plagi ndipo uingize mkono. Toa gololi kabla ya kuinua uwanja, maana chuma cha gramu 80 kikiporomoka kinavunja plastiki ambazo leo ni shida kuzipata.

Kisha toa fyuzi zote, moja moja, ulinganishe kila moja na namba iliyoandikwa kwenye kishikio chake au kwenye mchoro. Si ajabu kukuta fyuzi ya ampia 20 mahali pa ampia 10, au iliyofungwa karatasi ya fedha. Aliyefanya hivyo alikuwa anaficha shoti, na shoti hiyo huenda bado ipo inakusubiri.

Jinsi ya kushughulikia swichi

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tulia.

Kabla ya kukunja kibati chochote, kaza skrubu mbili zinazobana rundo la swichi. Vipande vya kuhami umeme kati ya vibati husinyaa kadiri miaka inavyopita, rundo linalegea, na nafasi zote zinahama. Mara nyingi ukikaza tu, swichi inarudi kufanya kazi. Aliyeanza kwa kukunja kisha akakaza baadaye atalazimika kukunja tena.

Pili, safisha. Pointi za fedha, ambazo ndizo nyingi, zinataka mguso mwepesi: pitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa spiriti ya isopropili katikati yake, zibane kidogo, vuta. Rudia mpaka karatasi itoke safi. Kama zimeshika weusi mgumu, tumia tupa nyembamba kabisa ya pointi, mipigo miwili mitatu. Pointi kubwa ngumu za tangsteni, kama zile za flipa, ile mikono midogo inayorusha gololi, zinavumilia tupa zaidi. Pointi za dhahabu kwenye mashine za elektroniki usizipitishie tupa hata siku moja. Ile dhahabu ni utando mwembamba na ukiisha haurudi.

Mwisho ndipo upange nafasi. Swichi iliyo wazi iache mwanya wa milimita moja hivi. Ikifunga, pointi zisiishie kugusana tu: kibati kirefu kinatakiwa kikisukume kile kifupi kidogo zaidi, ili pointi zisuguane. Msuguano huo ndio unaozisafisha kila zinapofanya kazi. Swichi inayogusa bila kusukuma itakubali leo na kugoma wiki ijayo. Kunja karibu na shina la kibati, si karibu na pointi, na utumie kifaa chenye mfereji mwembamba, siyo koleo.

Oili ya kunyunyiza usiisogeze karibu na mashine. Inavuta vumbi, inageuka gundi, na kwenye pointi inaungua ikaacha masizi. Sehemu kubwa ya pinboli inatakiwa kuwa kavu.

Inawaka taa lakini haianzi mchezo

Fuata mpangilio ambao mashine yenyewe inaufuata. Kitufe cha kuanzia kinapeleka umeme kwenye rilei ya kuanzia, lakini njiani kuna vizuizi: swichi ya stepa ya mikopo (stepa ni kihesabu kinachosonga hatua kwa hatua), inayofungwa tu kama kuna mchezo uliolipiwa, swichi za kupinga kupigwa teke, zilizoko mlangoni na chini ya uwanja, ambazo nyingi pointi zake hukaa zimegusana, na katika mashine nyingi, swichi inayothibitisha kwamba gololi iko kwenye shimo lake. Gololi ikikaa upande, au kibati chake kikiwa kimechoka, mashine inakaa kimya kama vile imekufa.

Namna ya haraka ya kugawa tatizo ni kuisukuma rilei ya kuanzia kwa kidole, mashine ikiwa imewashwa, ukigusa tu sehemu ya plastiki au ukitumia kijiti kikavu cha mbao. Mota ya alama ikianza kuzunguka na mashine ikajipanga, basi kila kitu baada ya rilei ni kizima na tatizo liko kabla yake. Isipoamka, tatizo liko mbele. Umeshaondoa nusu ya mashine kwenye orodha ya washukiwa bila kugusa skrubu.

Baada ya hapo chukua waya mfupi wenye vibanio ncha zote mbili, uruke swichi moja moja kwenye njia ile ya mchoro. Ile ambayo ukiiruka mashine inaamka, ndiyo. Fanya hivyo kwenye saketi ya koili tu, yenye volti 24 hadi 50 hivi kutegemea mashine, na kamwe si upande wa umeme wa ukutani.

Mota inazunguka, mashine inapiga kelele, na haitulii

Hii ndiyo dalili inayotisha wageni kuliko zote. Ukibonyeza kuanza, magurudumu ya alama yanapiga taka-taka-taka bila kukoma. Sababu yake ni rahisi kueleza. Kila gurudumu la alama lina swichi inayofunguka likifika sifuri. Mashine inaendelea kupeleka mapigo mpaka swichi zote za sifuri zifunguke. Moja tu ikikataa, mota haitulii.

Angalia kioo cha alama. Kuna gurudumu lililokwama kwenye tano au saba huku mengine yamefika sifuri? Basi gurudumu hilo halisogei. Lisogeze kwa mkono kwa kubonyeza kiini cha koili yake: likisogea kwa uzito au likarudi polepole, ni grisi ya zamani iliyoganda. Lifungue, lifute lote kwa spiriti, ukucha unaokamata meno ya gurudumu ucheze huru kwenye ekseli yake, springi irudishe kwa nguvu, kisha urudishe kavu. Likisogea vizuri kwa mkono lakini haliitikii umeme, pima koili: plagi ikiwa imechomolewa, linganisha omu zake na za koili ya gurudumu la jirani. Mita isipoonyesha chochote, kwanza tazama waya mwembamba unapoingia kwenye kichwa cha kuunganishia. Mara nyingi umekatika hapo nje, na unaweza kuuvuta mzunguko mmoja na kuuchomea upya kwa risasi.

Na kama yote yanaonyesha sifuri lakini mota bado inazunguka? Hapo swichi ya sifuri ya gurudumu mojawapo haijafunguka ingawa namba imefika. Zima, chomoa, uangalie swichi hizo moja moja kwa tochi kutoka ubavuni. Utakuta moja ambayo pointi zake bado zimegusana, mwanya wa unywele tu ukikosekana.

Usiache mashine ikizunguka hivyo huku unafikiri. Koili za magurudumu hazikutengenezwa kupigwa mfululizo. Dakika chache zinatosha kuyeyusha mrija wa plastiki ulio ndani yake.

Alama zinahesabiwa vibaya

Shabaha ya alama 50 inatoa 40. Kwa kawaida mashine inazalisha 50 kwa kuzungusha mota ya alama, nayo inapeleka mapigo matano ya kumi kumi. Kwa hiyo hesabu kwa masikio. Rilei ya kumi ikilia mara tano na gurudumu likasogea mara nne, gurudumu ndilo zito. Rilei ikilia mara nne, kosa liko kwenye swichi za mota, ile inayotoa mapigo au ile inayoshikilia rilei ya hamsini mpaka mzunguko uishe. Watu wengi wanalifungua gurudumu bila kusikiliza kwanza, na kazi ya saa nzima inakuwa bure.

Makumi yakitoka tisa kurudi sifuri bila mamia kusonga, tafuta swichi nyingine iliyoko kwenye gurudumu la makumi, ile inayofunga likiwa kwenye tisa. Kazi yake ni kulipeleka pigo linalofuata kwa gurudumu la jirani pia. Isipofunga vizuri, jirani hapati habari.

Mchezo unaoanzia gololi ya tatu, au unaoisha ghafla, ni suala la stepa ya kuhesabu gololi. Stepa inapanda hatua kwa hatua kwa koili na kurudi sifuri kwa springi, na grisi iliyoganda inaishika katikati. Ondoa bamba la pointi, sugua vichwa vyake kwa spiriti mpaka ving'ae, safisha vidole vinavyopita juu yake, kisha paka grisi kidogo mno kwenye vichwa vya pointi pekee, kiasi cha utando tu. Ekseli ibaki kavu. Kishawishi cha kukaza springi ili ilazimishe kurudi kipinge: springi iliyokazwa inaishinda koili wakati wa kupanda, na utakuwa umehamisha tatizo upande wa pili.

Flipa

Flipa za umeme ziliingia kwenye pinboli mwaka 1947, kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty, na tangu hapo ndizo zinazochakaa kuliko kitu kingine. Koili yake ina nyaya mbili zilizozungushwa pamoja: mzingo mnene wa nguvu, wenye omu chache tu, na mzingo mwembamba wa kushikilia. Swichi ya mwisho wa safari hukaa imefungwa. Flipa ikifika juu inafunguka, na mzingo mwembamba unaingizwa njiani ili koili isiungue ukiendelea kushika kitufe. Ukilielewa hilo, dalili zinajisoma zenyewe.

Flipa dhaifu tangu mwanzo: swichi ya mwisho ni chafu, au pointi za kitufe cha kabatini. Safisha hizo mbili kabla ya kununua chochote. Bado dhaifu? Toa plunja, kile chuma kinachovutwa ndani ya koili. Ikiwa kichwa chake kimefura kama uyoga kwa kugonga kizuizi, itupe na uweke mpya, pamoja na mrija wa koili. Mrija usipake kitu chochote.

Flipa inayopanda kisha ikatetemeka haraka ukiwa umeshika kitufe: mzingo wa kushikilia umekatika. Nguvu inairusha juu, swichi inafunguka, hakuna wa kuishika, inashuka, swichi inafunga, inarushwa tena. Kagua kwanza zile ncha za nyaya nyembamba kwenye koili.

Flipa yenye nguvu lakini koili inatoa harufu ya kuungua: swichi ya mwisho haifunguki. Ipangie mwanya wa milimita mbili hadi tatu flipa ikiwa juu kabisa. Hili lifanye siku hiyohiyo, usiichezee mashine kwanza.

Bampa, vile vigingi vya duara vinavyoirudisha gololi kwa nguvu, zikigonga kwa uvivu hazitofautiani sana na hayo. Tazama swichi ya kijiko iliyo chini ya bampa: ncha ya sketi ya bampa (kile kisahani kinachoguswa na gololi) ikae katikati ya kijiko, na mguso mdogo kutoka upande wowote uifunge.

Fyuzi inakatika

Kama inakatika pale koili moja inapovuta, pima omu za koili hiyo. Ikiwa chini sana kuliko dada zake, mizingo yake imeungana ndani. Kama inakatika mara tu unapowasha, weka taa ya lori ya volti 24 mahali pa fyuzi ya koili, au ya gari ya volti 12 mahali pa fyuzi ya taa za volti 6. Taa ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo, na haitaunguza kitu huku unatafuta. Fungua waya moja moja mpaka taa ififie. Kwenye saketi ya taa, mkosaji mara nyingi ni kishikio cha balbu kilichopinda kikagusa cha jirani. Kwenye mashine zenye bampa za umeme mnyoofu (DC), pima pia daraja la diodi, zile diodi zinazounyoosha umeme huo.

Fyuzi nzima inayopata moto mpaka haishikiki ni jambo lingine: kishikio chake kimelegea au kimeota kutu. Kibadilishe, hakigharimu kitu ukilinganisha na kinachoweza kuungua.

Taa

Balbu zinazopepesa ukizigusa zina vishikio vilivyolegea kati ya kikombe na bamba lake. Kusafisha kunasaidia siku chache. Chomea risasi pale panapounganika au weka kipya. Upande wa balbu zenyewe, mimi huweka namba 47 badala ya 44 kila mahali. Zote ni za volti 6.3, lakini 47 inatumia ampia 0.15 na 44 inatumia 0.25, na joto hilo linalopungua ndilo linalookoa rangi ya kioo cha nyuma.

Rangi hiyo iko upande wa ndani, na ikishaanza kubanduka, kitambaa chepesi kinaing'oa. Upande wa ndani usiufute kabisa, wala usiubandike utepe. Upande wa nje futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, kioo kikiwa kimelazwa.

Mashine za elektroniki za mwanzo

Kuanzia mwaka 1977 hivi bodi za saketi zikachukua nafasi ya rilei, na pamoja nazo ukaja ugonjwa mpya: betri iliyochomewa juu ya bodi. Ikivuja, dawa yake inatambaa chini ya soketi na kula njia za shaba. Ing'oe hata kama bado inaonekana nzima. Palipoliwa paoshe kwa siki nyeupe, suuza kwa maji safi, kisha spiriti, na uache pakauke kabisa. Betri mpya ikae mbali na bodi, kwa waya.

Bodi kuu za kampuni ya Bally za wakati huo zina taa ndogo inayojaribu kila sehemu ikiwashwa: inamulika mara saba kama mambo ni mazima. Ikikwama kwenye sita, usikimbilie chipu. Kagua kwanza kama volti 43 za koili zinafika, maana pigo la saba linategemea umeme huo na fyuzi yake inaweza kuwa imekatika. Koili ikivuta na kung'ang'ania mara tu unapowasha, zima papo hapo: transista yake imepata shoti. Jihadhari pia na saketi ya namba za alama, kwani ina volti zaidi ya 150 na haifai kuguswa.

Gololi inakwenda ovyo

Kabla ya kulaumu umeme, weka kipima usawa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha pima mteremko. Mashine za mota na rilei zilikusudiwa nyuzi 3.5 hivi, za kisasa 6.5. Ukiipa mashine ya mwaka 1965 mteremko wa kisasa, flipa nzima zitaonekana dhaifu na gololi haitafika juu. Tazama gololi yenyewe kwenye mwanga. Yenye vijishimo au kutu inasaga rangi ya uwanja kila inapopita, na hakuna nta itakayookoa uwanja kwa gololi kama hiyo. Pete za mpira zilizokauka na kupasuka badilisha zote kwa pamoja, halafu paka uwanja nta safi ya kanauba. Maji yasiguse mbao, hasa palipo na ufa wa rangi.

Ubovu unaokuja na kuondoka

Huu ndio unaochosha. Usiutafute mashine ikiwa nzima. Subiri utokee, kisha usizime wala usipige kabati. Tazama ni rilei zipi zimevuta na zipi zimelala, uziandike kwenye karatasi, ulinganishe na mchoro. Kama hakuna kinachoonekana, chukua kijiti kikavu cha mbao uguse plagi kubwa zinazounganisha kichwa (kisanduku cha juu chenye kioo cha nyuma) na kabati, moja baada ya nyingine. Pini zake huota weusi, na sehemu iliyochomewa risasi nyuma yake hupasuka duara jembamba ambalo halionekani bila lenzi. Mashine ikishtuka unapogusa plagi fulani, zima, chomoa ukutani, itoe plagi hiyo, sugua pini zote na uchomee upya kila kiungo chake, hata vile vinavyoonekana vizima.